Mchina Anakupakulia, Mzungu Anakuacha Ujipakulie

Barua nyingi za mwezi huu zimegongana. Wengine mpo China, wengine Ulaya, wengine mpo hapahapa nyumbani ila bosi wenu au mteja wenu ndio katoka huko, na wote mnauliza kitu kilekile, kwanini hawa wanafanya hivi na wale wanafanya vile na mimi nikae upande gani. Nimeishi Guangzhou, baadae nikahamia Ujerumani, kwahiyo haya nimeyaona kwa macho. Naomba tu mkumbuke China ina watu zaidi ya bilioni 1.4, mtu wa Guangzhou kule kusini na mtu wa Harbin kule kaskazini hata chakula hawafanani, na Ulaya nako Mtaliano na Msweden ni watu tofauti kabisa. Nikisema Mchina au Mzungu naongelea mazoea ya wengi, sio kila unaekutana nae.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nachukua mzigo wa vifaa vya bafuni Guangzhou nauza Kariakoo. Safari iliyopita mwenye kiwanda alinipeleka kula, watu watano ila meza imejaa sahani hadi hakuna pa kuweka kiwiko, nikatoa hela nichangie akanisukuma mkono kabisa, kama kakasirika. Halafu nina mwenzangu Mholanzi tunafanya nae biashara, juzi tulikula wote hapa Dar, nafika nyumbani nakuta meseji nimrudishie nusu ya hela ya pizza. Nusu ya pizza dada! Sasa nani mchoyo, na huyu wa kunilisha bure si anataka kunitapeli? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

JIBU: Kaka, hapo hakuna mchoyo wala tapeli. Wote wawili wamekuheshimu, kila mmoja kwa njia ya kwao.

China anaealika ndie anaelipa, yote, hakuna mjadala. Kukupeleka kula ni sehemu ya kazi yenyewe, pale mezani ndio anakusoma we ni mtu wa aina gani kabla hajakupunguzia bei au kukupa mzigo kwa mkopo, na ulipotoa hela mbele ya watu wake ni sawa na kuwaambia bosi wenu hawezi kunilisha, ndio maana ukasukumwa mkono. Hata marafiki kwa marafiki wanagombania bili hadi kuvutana mashati, wengine wanaaga wanaenda chooni kumbe wanaenda kaunta kulipa kwa simu. Kwahiyo usichangie, mwalike na wewe safari ijayo, na siku hiyo ulipe mapema kabla chakula hakijaisha. Ni deni, sikatai, ila ni deni la kupokezana, leo wewe kesho mimi, na kadri linavyoendelea ndio mnavyozidi kuwa watu wa karibu.

Huyo Mholanzi sasa. Kwao kuna apu inaitwa Tikkie, ilitoka mwaka 2016, kazi yake ni hiyo tu, kumtumia mwenzio ombi la sehemu yake ya bili, na wanatumiana hata kwa hela ndogo sana bila mtu kuona aibu. Kwake maana yake ni kwamba kesho mkikutana hakuna anaemdai mwenzie, na hakuna anaelazimika kukubaliana na mwenzie kwenye biashara kwa sababu alilishwa pizza. Amekuacha huru. Mi moyo wangu uko zaidi kwenye meza ya Wachina, sifichi hilo, lakini siwezi kuita ule uchoyo maana sio. Na usidhani Wazungu wote wako hivyo, Uingereza kwenye baa watu wanapokezana kununua raundi, ukinywa raundi za wenzio halafu yako isifike watakusema vibaya mno.

Kwa vile unarudi Guangzhou, shika na haya ya mezani. Meza ni ya duara, katikati kuna kioo kinazunguka, chakula ni cha wote. Usikae mpaka uonyeshwe kiti, kile kinachotazama mlango huwa ni cha mkubwa au mgeni wa heshima. Mwenyeji anaweza kukuwekea nyama kwenye bakuli lako kwa vijiti vyake bila kukuuliza kama unaitaka, usishtuke, hapo ndio anakujali. Mzungu hafanyi hivyo kabisa, yeye anakwambia karibu, chukua unachopenda, na ukikataa mara moja anaamini kweli hutaki, hakubembelezi, ukiwa na aibu zetu za kusubiri kukaribishwa mara tatu unalala njaa. Mchina ukikataa mara moja anajua hiyo ni adabu tu, anaendelea kukupakulia. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, vinafanana na ubani wanaowachomea marehemu. Na Guangdong, mkoa wenye huo mji wa Guangzhou, ukimiminiwa chai unagonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndio asante yenyewe, buli likiisha maji unaacha mfuniko wazi mhudumu anakuja kuongeza.

Kuhusu kumaliza chakula, zamani sahani zikiwa tupu mwenyeji anaona aibu, inaonekana hakuagiza cha kutosha. Lakini toka 2013 kuna kampeni ya kumaliza sahani na mwaka 2021 wakapitisha sheria kabisa ya kuzuia kutupa chakula, kwahiyo sa hivi mabaki yanafungwa watu wanaondoka nayo na hakuna anaekuona mroho.

Pombe nayo. Mkigonga glasi, yako iwe chini kidogo ya glasi ya mkubwa wako. Kama hunywi sema kabla ya glasi ya kwanza, dini yangu hairuhusu au natumia dawa, halafu inua kikombe cha chai kwa heshima ileile, watakuelewa. Ukishakunywa moja halafu ukakataa ya pili hapo ndio unawavuruga, watakubembeleza hadi ulewe, na ile pombe yao ya mtama nyingi inavuka asilimia 50. Hili la kubembelezana kunywa mi silipendi hata kidogo, na vijana wengi wa Kichina nao wamelichoka.

Mwisho kaka, mzigo wa mwanzo wa mwaka uagize mapema. Mwaka mpya wao unahama kila mwaka, 2026 ni tarehe 17 Februari, 2027 ni tarehe 6 Februari. Likizo ya serikali ni kama wiki hivi ila wafanyakazi wa viwandani wanaanza kuondoka kwenda vijijini kabla ya hapo, na wengi hawarudi mpaka sikukuu ya taa, siku ya kumi na tano ya mwaka mpya. Wakati huo hata ukipiga simu mara ngapi, kiwanda kimefungwa. Ni vilevile tu ukijaribu kumpata Mzungu tarehe 25 Desemba.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Wuhan, China, mwaka wa kwanza nasoma udaktari. Hawa watu kila kitu maji ya moto, nikiwa na mafua maji ya moto, tumbo likiuma maji ya moto, juzi hata niliposema nina stresi za mtihani nikaambiwa kunywa maji ya moto. Afu yule mama anaeuza chakula kantini kaniuliza nina miaka mingapi, kama nina mchumba, na baba analipwa shilingi ngapi, na nilivyorudi likizo akanambia mbele za watu umenenepa. Rafiki yangu yupo Leeds, Uingereza, anasema kule toka afike hakuna aliemuuliza chochote hata jirani hamjui jina. Huyu mama ananidharau au? (Mwanafunzi, Wuhan)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa chuo. Hakudharau, kakuchukua kama mtoto wa nyumbani. We mwenyewe fikiria ukienda kwa mama mkubwa wako kijijini kitu cha kwanza atakachosema ni nini kama sio umenenepa au umekonda, kazi inakutesa? Ndio hivyohivyo. Umri anakuuliza ili ajue akuite dada mdogo au mtoto, maana na wao hawaitani majina makavu, mtu wa makamo asiyekuhusu barabarani unamwita shangazi au mjomba, mzee unamwita babu. Huu mtindo wa majina ya undugu tunao sote, ndio maana Waafrika Mashariki wengi wanazoea China haraka kuliko wanavyotegemea. La mshahara wa baba huna haja ya kutaja namba, sema anajitahidi, tunakula. Ataridhika, alikuwa anakuonyesha tu kwamba anajali hali ya nyumbani kwenu.

Maji ya moto yana mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni tiba yao ya asili, inayosema mwili una joto lake na vitu vya baridi vinalivuruga, hasa tumbo, hasa kwa mwanamke akiwa kwenye siku zake. La pili ni serikali, mwaka 1952 ilianzishwa kampeni kubwa ya afya nchi nzima, na miaka ile watu walihimizwa sana kuchemsha maji kwa sababu ya magonjwa ya tumbo, viwandani na mashuleni kukawekwa majiko ya maji ya moto, kila nyumba ikawa na chupa ya chai. Ndio maana mpaka leo kwenye treni kuna bomba la maji ya moto bure na watu wanapikia tambi zao za kikombe. Sasa mpeleke huyo mama kantini Marekani, aletewe glasi imejaa barafu wakati nje kuna theluji, atahisi wanataka kumuua. Akifika Ujerumani ataletewa maji ya baridi yenye gesi na yatahesabiwa kwenye bili.

Rafiki yako wa Leeds mwambie asijisikie vibaya, kutomuuliza ndio heshima ya kule. Muingereza anaona mambo yako ni yako, mshahara, umri, uzito, dini, kura uliyompigia nani, yote hayo haulizi mpaka wewe umfungulie mlango. Anaanza na hali ya hewa kwa sababu haimuumizi mtu, na akisema uko poa unajibu niko poa yanaisha, hasubiri habari za shamba. Ubaya wake ni upweke, na upweke wa Uingereza nimewaona watu umewaangusha kweli. Asisubiri jirani aje kugonga, hatakuja. Ajitambulishe yeye, ajiunge na kikundi chochote pale chuoni, na akialika mtu ataje siku na saa, maana kule kumpitia mtu kwake bila taarifa unamkera hata kama anakupenda.

Na wewe Wuhan zoea ratiba, chakula cha mchana saa tano na nusu au saa sita, jioni saa kumi na mbili, ukienda kantini saa mbili usiku unakuta wanaosha masufuria. Mchana baada ya kula wanalala, ofisini wanalala juu ya meza, hosteli wanazima taa. Muda huo usimpigie simu profesa.

SWALI: Mwanangu, mtoto wangu wa kiume yupo Chengdu, China, anataka kuoa binti wa huko, mwakani tunaenda kujitambulisha. Dada yake aliolewa Uskoti, na kule tulifika na zawadi masanduku mawili, wakwe wakabaki wanatuangalia hawajui waseme nini, nilirudi nimeumia. Safari hii nataka nijue kabisa. Tubebe nini, na mahari kwao ipo? (Mama wa maharusi, Moshi)

JIBU: Shikamoo mama. Usiumie na ya Uskoti, hamkukosea adabu. Mzungu zawadi kubwa inamfanya ajisikie anadaiwa na hajui atarudishaje, kwao chupa ya mvinyo, chokoleti au maua vinatosha, wanafungua palepale mbele yako, wanasifia, na kadi ya asante inafuata. Mlimpa mzigo wa moyo bila kujua. Chengdu ni kinyume, mkienda mikono mitupu ndio aibu.

Bebeni kahawa yenu ya Kilimanjaro, nzuri, kwenye boksi la kupendeza, mama wa binti na baba wa binti kila mmoja na chake, na vitenge kama mkipenda. Mtoe kwa mikono miwili. Watakataa mara ya kwanza na ya pili, msiache, mng'ang'anie. Wakipokea wataweka pembeni bila kufungua, na hapo mama naomba usivunjike moyo, kufungua mbele ya mgeni kunaonekana ni tamaa. Karatasi ya kufungia iwe nyekundu au ya dhahabu, nyeupe na nyeusi ni za msiba. Msipeleke vitu vinne vinne, na saa ya ukutani msibebe kabisa, kwa lugha yao kumpa mtu saa kunatamkwa sawa na kumsindikiza anaekufa. Kama kuna watoto wadogo wekeni noti mpya kwenye bahasha nyekundu.

Mahari ipo mama, tena ni jambo kubwa. Upande wa mwanaume unatoa hela kwa upande wa mwanamke, kiasi kinategemea mkoa na familia, sehemu nyingine ni ya heshima tu na sehemu nyingine imepanda hadi serikali inahimiza watu wapunguze. Wazazi wengi wanawarudishia maharusi yote au sehemu yake waanzie maisha. Kuna na suala la nyumba, familia nyingi zinategemea upande wa mwanaume ununue fleti au uchangie. Sasa haya usiyafungue wewe mezani, mwambie kijana amuulize binti wakiwa wawili, binti atazungumza na mama yake, na mtakapokaa meza moja kila kitu kiwe kinajulikana tayari. Kule Uskoti wazazi hawakuwa na kauli, watoto waliamua wao wakawaambia tarehe. Kwa hili nadhani utajisikia nyumbani zaidi Chengdu.

Ndoa yenyewe kisheria wanaifunga ofisi ya serikali, wanapewa vitabu viwili vyekundu, na inaweza kuwa miezi kabla ya sherehe, kwahiyo ukisikia wameshafunga usidhani mmetengwa. Siku ya sherehe wageni wanakuja na bahasha nyekundu, mlangoni kuna mtu anaandika kwenye daftari nani katoa ngapi, na familia inalitunza lile daftari ili siku ya harusi ya mwenzao warudishe, mara nyingi na nyongeza. Wewe na kamati zetu za harusi hilo utalielewa kabla hujatafsiriwa. Na binti hatabadili jina la ukoo, Wachina mke anabaki na la baba yake, kwahiyo msimwone kama anawakataa.

MAFUPI MAFUPI

Wa Arusha anaeuliza kwanini lifti ya hoteli China haikuwa na ghorofa ya 4: wanaikwepa kwa sababu inatamkwa karibu sawa na kifo, kama ambavyo Wazungu majengo mengine wanaruka 13. Nane ndio wanayoipenda, Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, ilipangwa hivyo.

Wa Zanzibar anaenda Guangzhou anaogopa chakula: tafuta migahawa ya Waislamu wa huko, hasa ya tambi za Lanzhou, ipo karibu kila mji mkubwa. Bakshishi usiache, hawajazoea, mhudumu anaweza kukukimbilia kukurudishia. Marekani usipoacha asilimia 15 hadi 20 umemnyima mtu mshahara wake.

Wa Bujumbura: ndio, kuvuta tambi kwa sauti China haina shida. Ulaya funga mdomo.

SWALI: Sasa dada. Nilifanya kazi na shirika la Wajerumani, saa hii niko kampuni ya ujenzi ya Wachina hapa Nairobi. Mjerumani alikuwa ananiambia wazi ripoti yako ni mbaya, ukurasa wa tatu hesabu haziko sawa, tukimaliza tunakunywa chai pamoja kama hakuna kitu kimefanyika. Huyu wa sasa hasemi la, anasema tutaangalia, na saa nne usiku ananitumia kazi kwa WeChat, ile apu ya meseji ya Wachina. Wiki iliyopita nilimsahihisha hesabu kwa mkutano wakubwa wake wakiwa kwa simu kutoka Beijing, na tangu siku hiyo hata salamu hanipi. Nifanye nini? (Mhasibu, Nairobi)

JIBU: Hesabu zako zilikuwa sahihi, hilo sina shaka, na bado ulimuumiza. Kwa Mjerumani kosa liko kwenye karatasi, mnalisema, mnalirekebisha, mtu anabaki mtu. Kwa Mchina kosa likisemwa mbele ya wakubwa wake limemvua nguo yeye, na wale wa Beijing hawatakumbuka hesabu, watakumbuka kwamba alisahihishwa na mtu wa chini yake. Sisi wenyewe hatuna haja ya kufundishwa hili, nani hapa kwetu anamsahihisha mzee barazani mbele ya wakwe zake?

Nenda ofisini kwake akiwa peke yake. Usirudie hesabu, wala usijieleze sana. Mwambie unataka ripoti ijayo muipitie wawili kabla ya mkutano ili ikifika Beijing iwe imenyooka. Atakuelewa kwamba unaomba radhi na utakuwa umempa njia ya kutoka bila kuitamka. Halafu kwenye mkutano unaofuata mpe sifa kwa kitu cha kweli alichofanya, wakubwa wakisikia. Na akisema tutaangalia, mara nyingi amekataa, usisubiri jibu. Akisema inaweza kuwa ngumu kidogo, amekataa kabisa.

Meseji za saa nne usiku ni jambo jingine na hapo siko upande wake. Najua zinatoka wapi, China miaka mingi kampuni nyingi hasa za teknolojia zilikuwa zinafanyisha watu kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku siku sita kwa wiki, hadi Agosti 2021 Mahakama yao ya Juu kabisa ikasema ni kinyume cha sheria. Likizo ya mwaka kwao kisheria ni siku 5 tu kwa mtu aliyefanya kazi kuanzia mwaka mmoja lakini chini ya miaka kumi, wakati nchi za Umoja wa Ulaya kiwango cha chini ni wiki nne, na Ufaransa toka 2017 wana sheria inayompa mfanyakazi haki ya kuzima mambo ya kazi akishatoka. Huyo bosi hakutesi kwa makusudi, amekulia humo, na anajibu meseji za bosi wake usiku uleule. Lakini wewe uko Kenya, na sheria ya ajira ya Kenya inakupa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Zichukue zote. Meseji ya usiku jibu asubuhi kwa heshima, nimeiona, naishughulikia sasa, na ufanye hivyo kila mara bila kukosa. Ukijibu leo usiku na kesho usijibu, hatajua mpaka wako uko wapi.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Nimejifungua hapa Manchester mtoto wa kwanza, mamangu yuko Mombasa viza haikutoka. Nilizaa usiku, asubuhi wakaniletea chai na tosti na jagi la maji baridi, mchana wakanambia naweza kwenda nyumbani. Mkunga aliyekuja nyumbani anataka nitembee, nitoke nje nipate hewa. Jirani yangu ni bibi wa Kichina aliyekuja kulea mjukuu, siku aliponiona sebuleni miguu mitupu bila soksi karibu alie, tangu hapo kila siku ananiletea supu na kunifungia madirisha. Nimsikize nani? (Mama wa kwanza, Manchester)

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu, na Allah amkuze mtoto. Huyo bibi anakufanyia alichofanyiwa yeye na ambacho mama yako angekufanyia, arobaini. Wachina wanakaa mwezi mzima ndani, mzazi haguswi na upepo, haguswi na maji ya baridi, zamani hata kuoga na kuosha nywele ilikuwa marufuku, anakula supu ya kuku na tangawizi, uji wa mawele, tende zao nyekundu, sukari ya miwa. Wao wanasema mwili uliozaa uko wazi, baridi ikiingia haitoki, utaumwa viungo uzeeni. Sikiliza bibi zako wa Mombasa wanavyoongea kuhusu mzazi utaona maneno ni yaleyale. China siku hizi wenye uwezo wanalipia vituo maalum vya kukaa huo mwezi, au wanaajiri mama wa kuja kuwahudumia nyumbani.

Mkunga nae ana sababu zake na ni za kitabibu, baada ya kuzaa damu inaganda kirahisi miguuni, kutembea taratibu kunapunguza hatari hiyo. Hakuambii utoke kwa sababu hakujali. Utaratibu wa kule ni kwamba mwanamke ni mtu mzima, anapewa maelezo, anapewa namba ya simu, anaamua mwenyewe, na wengi wao wanapenda hivyo. Kinachokosekana ni mtu wa kukupikia, na kwa hilo naona Wachina na sisi tumewazidi Wazungu kwa mbali. Mwanamke aliyezaa jana hatakiwi kusimama jikoni.

Kwahiyo chukua supu na soksi kutoka kwa bibi, chukua kutembea, kuoga na hewa kutoka kwa mkunga. Madirisha hapo usimkubalie bibi, chumba cha mtoto Uingereza wanashauri kiwe na joto la kati ya nyuzi 16 na 20, na mtoto asifunikwe mpaka ajae jasho. Usibishane nae, mwache afunge, akiondoka fungua. Muulize kwa upole nyama kaitoa wapi, mwambie wewe ni Muislamu, maana supu yao nyingine maarufu ya mzazi ni ya miguu ya nguruwe, lazima ajue. Na bakuli lake usilirudishe tupu.

Umeniandikia pia mwishoni kwamba unashangaa kaacha nyumba yake China kuja kulea mjukuu wakati bibi wa upande wa pili wa mtaa, Muingereza, anaishi peke yake na watoto wanakuja Krismasi tu. Usimhukumu huyo Muingereza wala watoto wake. Wazee wengi wa kule wenyewe hawataki kukaa kwa watoto, wanaona kuwa mzigo ni kupoteza heshima yao, wana pensheni na daktari wao, mtoto nae alishaondoka nyumbani toka kijana. Uingereza mama mfanyakazi anaruhusiwa likizo ya uzazi hadi wiki 52. China kiwango cha taifa ni siku 98, mikoa ndio inaongeza, mama anarudi kazini mtoto bado mdogo, na bibi yupo kwa sababu wanawake wengi walikuwa wanastaafu wakiwa na miaka 50 au 55, umri ambao ndio wameanza kuupandisha kidogokidogo toka Januari 2025. Na usione kule kila kitu ni sawa, kizazi cha mtoto mmoja mmoja kuanzia miaka ya 1980 hadi 2015 kimeacha vijana wenye wazazi wawili na mababu wanne juu ya kichwa kimoja, mpaka sheria yao ya wazee iliyoanza kutumika Julai 2013 ikaandika kabisa kwamba wanaoishi mbali na wazazi lazima wawatembelee au wawasalimie mara kwa mara.

Siku mkunga atakapokuja tena mwite bibi awepo, kijana wake au mkwe wake awatafsirie, wakae wote wawili mbele yako. Na ukianza kuvuja damu nyingi, kupata homa, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usimsubiri yeyote kati yao, piga simu hospitali usiku huohuo.